Nanga ya Anaka: albamu tulivu ya mwana wa waziri aliyeuawa na Amin

Kila ifikapo 16 Februari, Uganda hufunga ofisi kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum. Mahujaji huwa wameshatembea kwa miguu siku kadhaa kuelekea Mucwini, wilayani Kitgum, alikozikwa. Wakubwa wa serikali hutoa hotuba, maaskofu huhubiri, kwaya huimba. Sikukuu hiyo imeadhimishwa tangu mwaka 2016, na hakuna anayeweza kusema kwamba askofu yule haistahili.

Lakini Luwum hakuuawa peke yake. Walikufa pamoja naye mawaziri wawili wa serikali ya Idi Amin: Charles Oboth-Ofumbi wa Mambo ya Ndani, na Luteni Kanali Erinayo Wilson Oryema, aliyekuwa na wizara ya ardhi na nyumba. Hao wawili hutajwa harakaharaka katika hotuba, kama abiria waliopata lifti kwenye gari la askofu.

Waziri Oryema alipata ukumbusho wa namna nyingine. Mwaka 1990, miaka 13 baada ya mauaji yale, mwanawe Geoffrey Oryema alitoa albamu yake ya kwanza kupitia lebo ya Real World ya Uingereza. Aliiita Exile, yaani maisha ya ukimbizini. Ina nyimbo kumi. Ndani yake mna sauti ya mwanamume mmoja, ala chache za nyumbani kwao, gitaa, na kinanda kinachosikika kwa mbali. Hakuna anayepiga kelele. Msikilizaji asiyeambiwa kitu anaweza kudhani amewekewa nyimbo za kubembeleza mtoto.

Sisi wa Kagera tulipaswa kuwa wa kwanza kuijua albamu hii. Amin aliyemfanya Geoffrey yatima ndiye aliyevusha majeshi yake mpaka wetu miezi 20 baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1978, akachukua ardhi yote hadi Mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Na ala anayoipiga Geoffrey, nanga, ni ile ile ambayo babu zetu wa Bukoba, Karagwe na Ngara waliipiga mbele ya wafalme. Hata hivyo, ukiuliza mitaani Biharamulo au Ngara mjini, ni nadra kumpata aliyewahi kulisikia jina la Oryema.

Nyumba ya polisi na nanga

Geoffrey alizaliwa Soroti, mashariki mwa Uganda, tarehe 16 Aprili 1953, lakini asili ya ukoo ni Anaka, katika nchi ya Waacholi, eneo ambalo sasa liko wilaya ya Nwoya. Baba alikuwa polisi, na alipanda cheo haraka. Mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda.

Kiongozi huyo wa polisi ndiye aliyemfundisha mwanawe kupiga nanga. Nanga ya Kiacholi ni mti uliochongwa na kuchimbwa kama kihori kirefu, ukavutwa nyuzi saba juu yake. Mpigaji hukaa, hulaza ala mapajani au chini mbele yake, na huimba huku akisimulia. Upande wa mama nao ulikuwa na ngoma: mama yake aliongoza Heartbeat of Africa, kikundi cha taifa cha ngoma ambacho Uganda ilikituma nje kuitangaza nchi. Kijana akakua akijua nanga, likembe, filimbi na gitaa, na masikio yake yakiwa wazi kwa muziki wa Ulaya uliokuwa ukisikika Kampala ya wakati ule. Katika miaka ya 1970 akasomea sanaa za maonyesho jijini humo, akaanzisha kikundi cha Theatre Limited, kilichochanganya maigizo ya kisasa na sauti za asili.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa albamu hii hulipita kimya. Amin alipopindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Erinayo Oryema ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi. Hakukimbia. Alipewa uwaziri, kwanza wa madini na maji, baadaye wa ardhi, na akabaki katika baraza la mawaziri kwa miaka sita. Ndani ya miaka hiyo askari wa Kiacholi na Kilangi walichinjwa kambini kwa mamia. Mwanzoni mwa 1972, wengine waliofungwa katika gereza la Mutukula, hatua chache kutoka mpaka wetu wa Missenyi, waliuawa humo humo. Wachache walitoroka na kuvukia Tanzania. Waacholi walikufa, na Mwacholi mmoja mkubwa alikaa mezani na muuaji. Je, alibaki kwa hofu, kwa tamaa ya cheo, au kwa kuamini kwamba angeokoa wachache akiwa ndani? Albamu ya mwanawe haimjibii swali hilo, wala haimtetei.

Jumatano ya Nile Hotel

Kilichotokea Februari 1977 kimeandikwa kwa kirefu na Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Amin. Mwaka huo huo alikimbilia Uingereza, akachapisha kitabu chake A State of Blood, na wengi walioandika juu ya mauaji yale baada yake wamechota kwake. Makala haya nayo yanachota kwake.

Mwanzoni mwa Februari askari waliivamia nyumba ya askofu mkuu huko Namirembe usiku, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wa Kanisa la Uganda wakakutana, wakamwandikia Amin barua ya tarehe 10 Februari kulalamikia upekuzi huo na mauaji yaliyokuwa yameenea nchini. Ilikuwa barua ya heshima, lakini ilisema wazi kilichokuwa kikisemwa chumbani tu. Na katika Uganda ya Amin, kusema wazi kulikuwa na bei yake.

Jumatano, tarehe 16, viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na maelfu ya askari waliitwa kwenye uwanja wa Nile Hotel, Kampala. Silaha zilipangwa hadharani, zikielezwa kuwa zimeingizwa kwa siri na watu wa Obote, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Dar es Salaam. Ikasomwa hati ndefu ya kukiri, ikimtaja askofu mkuu kuwa miongoni mwa wala njama. Askari wakaulizwa watuhumiwa wafanywe nini, wakajibu kwa kelele kwamba wauawe. Baadaye wageni wakaruhusiwa kuondoka. Luwum akazuiwa. Oryema na Oboth-Ofumbi nao wakakamatwa.

Kesho yake Radio Uganda ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari, baada ya kujaribu kumpokonya dereva usukani wakiwa njiani kwenda kuhojiwa. Gazeti la serikali likachapisha picha za magari yaliyobondeka. Kyemba, ambaye wizara yake ndiyo iliyosimamia Hospitali ya Mulago na chumba chake cha maiti, aliandika kwamba miili ilifika hospitalini ikiwa na matundu ya risasi. Hakuna aliyeamini ajali ile, ndani ya Uganda wala nje yake.

Kifo cha Luwum kilitikisa dunia. Alikuwa askofu mkuu wa jimbo la Kianglikana lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, kwa hiyo misiba ilifanyika kuanzia Kampala hadi London. Mwaka 1998 sanamu yake ikawekwa mbele ya Westminster Abbey pamoja na za mashahidi wengine wa karne ya 20. Mawaziri wawili hawakupata sanamu. Walikuwa wametumikia serikali iliyowaua, na historia huona tabu kuwapangia watu wa namna hiyo mahali pa kukaa.

Mwana wa waziri aliyekufa kwa tuhuma ya uhaini hakuwa na wa kumlinda tena. Geoffrey Oryema alitoka Uganda akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, likavuka naye mpaka hadi Kenya. Kutoka Kenya akaenda Ufaransa, akatia nanga ya maisha yake Paris. Wakati majeshi ya Tanzania, yakiwa pamoja na Waganda waliokuwa wamekimbilia kwetu, yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na Amin akakimbia, yeye alikuwa mbali. Wakimbizi wengi walirudi wakitafuta vyeo. Yeye hakurudi.

Kinu cha zamani kijijini Box

Miaka kumi na zaidi ya kwanza ya Paris ina simulizi chache, na zote zinafanana na za msanii yeyote mhamiaji: kutafuta kazi, kupiga muziki kwenye kumbi ndogo, kusubiri. Mlango ulifunguliwa na watu wa WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa ambalo mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel alisaidia kulianzisha. Mwaka 1989 Gabriel akaanzisha na lebo ya Real World, yenye studio katika kinu cha zamani cha maji kijijini Box, magharibi mwa Uingereza.

Msomaji wa Tanzania ana mtu wake kwenye lebo hiyo. Miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Real World ni Songs for the Poor Man ya Dokta Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989. Ukiziweka albamu hizi mbili pamoja unaona namna mbili za kulia. Remmy, mzaliwa wa Kindu aliyehamia Dar es Salaam, alilia kwa magitaa matatu, ngoma na mahubiri. Mtu aliucheza msiba wake. Oryema alilia akiwa amekaa.

Kazi ya prodyuza alipewa Brian Eno, Mwingereza ambaye miaka mitatu kabla alikuwa mmoja wa waliotayarisha The Joshua Tree ya bendi ya U2, na ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa amejijengea jina kwa muziki wa taratibu usiolazimisha kusikilizwa. Gabriel mwenyewe aliitikia kwenye baadhi ya nyimbo. Majina makubwa kama hayo yangeweza kuumeza muziki wa mgeni. Studio nyingi za wakati ule zingemwongezea Mwafrika ngoma za umeme, tarumbeta na waitikiaji sita ili wanunuzi wa Ulaya wapate cha kuchezea. Eno alifanya kinyume: aliacha nafasi. Sauti ya Oryema imewekwa mbele, nzito na ya chini, na vinanda vimesogezwa nyuma.

Wapo wanaosema vinanda hivyo vimeitia albamu ukungu wa Kizungu, na kwamba nanga ilijitosheleza. Hoja hiyo ina uzito kwenye nyimbo mbili tatu ambazo kinanda kinatangulia kabla mwimbaji hajamaliza kuvuta pumzi. Lakini mtu aliyeishi Paris miaka 13 hawezi kurekodi kama aliyebaki Anaka, na jina la albamu halikuficha hilo.

Albamu inafunguliwa na Piny Runa Woko. Baada yake inakuja Land of Anaka, wimbo wa kuikumbuka nchi ya kwao na baba yake, ambao sehemu yake kubwa ameuimba kwa Kiingereza ili asiyejua Kiacholi naye aelewe ni wapi panapozungumzwa. Kisha zinafuata nyingine kwa Kiacholi na lugha alizokulia nazo, kati yake Lacan, Makambo na Solitude, hadi wimbo wa mwisho wenye jina la albamu. Ukitafuta hukumu dhidi ya Amin humo hutaipata. Inasikika familia, inasikika nchi, inasikika upweke. Msiba mkubwa kuliko wote uliompata mwimbaji umekaa chini ya nyimbo zote, wala haukuhitaji kuhubiriwa.

Msikilizaji wa Ngara hapaswi kushangazwa na utulivu huo. Ng'ambo ya Ruvubu, kwa jirani zetu wa Burundi, ambao lugha yao na Kihangaza zinasikilizana, upo mtindo wa kuimba kwa kunong'ona juu ya inanga: mwimbaji hatoi sauti kamili, ananong'ona maneno na kuziachia nyuzi zimpe sauti. Kwa Wahaya, omuteezi, yaani mpigaji, wa enanga alisimulia tendi za mashujaa usiku kucha bila kuhitaji kumshinda mtu kwa kelele. Eno alifika penye utulivu kwa njia yake. Oryema alitoka nao nyumbani.

Umaarufu bila kurudi

Exile haikulipuka sokoni. Ilienea kwa kusambaziana, na ilipata bahati Ufaransa: wimbo Ye Ye Ye ulichukuliwa kuwa kiashirio cha Le Cercle de Minuit, kipindi cha usiku cha utamaduni kwenye runinga ya taifa, na kwa miaka kadhaa ya 1990 Wafaransa walilala wakiwa wamesikia sauti ya Mwacholi. Albamu nyingine zikafuata, Beat the Border mwaka 1993 na Night to Night mwaka 1996, kisha nyingine baada ya mwaka 2000. Ni kazi nzuri, lakini hakuna iliyoishi kama ya kwanza.

Mkenya Ayub Ogada, mpiga nyatiti, alipita njia ile ile mwaka 1993 kwa En Mana Kuoyo, nayo ni albamu ya kwanza, tulivu, ya Real World. Wimbo wake Kothbiro ulitumika kwenye filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, na dunia ikamgundua upya. Mwaka huo huo yeye na Oryema walipanda jukwaa la Eden Project, Cornwall, kwenye tamasha lililoandaliwa baada ya watu kulalamika kwamba matamasha ya Live 8 ya kuitetea Afrika hayakuwa na Waafrika wa kutosha.

Wakati huo Anaka ilikuwa imegeuka. Vita vya Lord's Resistance Army viliwaondoa Waacholi vijijini na kuwajaza kwenye kambi, na Anaka ikawa mojawapo ya kambi hizo. Wenyeji wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao, huku nyimbo za kuisifu zikiuzwa Paris. Ngara inalijua jambo hilo kwa upande mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24, na Benaco ikawa jiji la maturubai.

Oryema alirudi Uganda kwa mara ya kwanza Desemba 2016, karibu miaka 40 tangu alipotoka ndani ya buti, na akapiga muziki Kampala. Alifariki Ufaransa tarehe 22 Juni 2018, akiwa na umri wa miaka 65. Ogada alimfuata Februari 2019.

Nani atarekodi nanga zetu?

Kagera imewahi kuonja. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliimba Kihaya katika Maria Salome, akasikilizwa hadi Kampala na Dar es Salaam na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Ilikuwa ithibati kwamba msikilizaji hachagui lugha, huchagua sauti. Lakini Saida alipigiwa ngoma. Nanga yenyewe haijapata albamu yake inayojulikana nchini.

Tuliyonayo ni kazi ya wasomi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, aliwafuata abateezi wa enanga vijijini, na mwaka 1986 akawasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu yake ya uzamivu juu ya tendi zao. Bila yeye tungekuwa tumezipoteza nyingi. Hata hivyo tasnifu husomwa maktabani, na wazee aliowasikiliza wengi wametangulia. Kwenye harusi za leo Ngara, Biharamulo na Muleba hukodiwa spika kubwa na kijana mwenye kompyuta. Mzee mwenye nanga, kama bado yupo, hukaribishwa kula.

Waacholi walilipa bei kubwa mno kupata albamu ya nanga: ilibidi waziri auawe na mwanawe afukuzwe nchini ndipo studio ya Ulaya imsikie. Sisi hatudaiwi hayo. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa na Wajesuiti kwa ajili ya wakimbizi, bado iko hewani, na halmashauri zetu zina maofisa utamaduni. Kuwarekodi wapiga nanga waliobaki hakuhitaji kinu cha maji cha Uingereza wala Brian Eno. Kunahitaji simu yenye chaji, mafuta ya pikipiki, na ofisa aliye tayari kukaa chini kwa mzee hadi amalize wimbo.